Mkojo Niliomwazima Mkwe Wangu

Wiki iliyopita niliwaacha jikoni kwangu, binti yangu amenishika mkono, ametoka kuniomba kitu ambacho sijawahi kusikia mtoto akimwomba baba yake. Najua wapo waliokisia figo. Ingekuwa figo ningeona fahari.

Aliomba mkojo.

Kwa aliyelikosa gazeti la juma lililopita, mambo yako hivi. Mimi ni dereva wa lori la mafuta, na mkwe wangu naye ni dereva wa yadi hiyo hiyo. Kampuni yetu imeamka usingizini na kutangaza kwamba dereva asiye na cheti cha afya hatagusa usukani. Macho, masikio, presha, mkojo. Yadi nzima ikashikwa na homa. Wanaume wenye vifua kama mapipa wakaanza kukariri herufi za bango la macho kama watoto wa chekechea, wakiimbishana kwenye kivuli cha matela.

Mimi, ambaye zamu yangu ilikuwa bado, niliwacheka. Sivuti, sinywi, wala simezi vile vidonge vya kukimbiza usingizi. Nilipokuwa na umri wao nilishuka kwenye lori nikaingia darasa la usiku, nikajifunza hesabu na sarufi katikati ya watu waliokuwa wakisinzia. Wao wakishuka kwenye lori huingia baa. Ndiyo maana yadini wananiita Profesa. Wanadhani ni utani. Mimi nimeupokea kama cheo.

Basi, turudi jikoni.

"Mkojo?" nikamuuliza binti yangu.

"Kidogo tu, baba. Chupa ndogo."

"Mumeo hana wake?"

"Anao. Ila wake una mambo."

"Mambo gani?"

Akaitazama sufuria kana kwamba ndiyo itakayojibu. "Vile vidonge vya safari ndefu. Wanasema hukaa mwilini. Na zamu yake ya kupimwa ni kesho."

"Aende na mambo yake. Daktari amesomea kuyasoma."

"Baba!"

"Na kwa nini asije kuniomba mwenyewe?"

"Mkwe aje akuombe mkojo? Mtu anaona haya hata kula mbele yako!"

"Kumbe haya anazo. Nilidhani alizimeza pamoja na vidonge."

Mke wangu akajigeuza upande wa moto ili nisimwone akicheka. Mabega yakamsaliti.

Nilikuwa nimeshika msimamo, na ningeushika mpaka leo, kama binti yangu asingekuwa mwanangu wa kumzaa. Ananijua.

"Sawa, baba," akasema, akafunga kanga vizuri. "Akifukuzwa, nyumba ya kampuni tunatoka. Nimeshaongea na mama. Tutalala kile chumba chako cha vitabu. Mimi, yeye, na watoto."

Chumba changu cha vitabu!

Nikamwona mkwe wangu amejilaza juu ya kamusi zangu, kaptula, tumbo nje, anakoroma.

"Chupa iko wapi?" nikauliza.

Mke wangu akatafuta chupa tupu ya dawa ya kikohozi, akaichemsha mpaka karatasi yake ikabanduka. Nayasema haya kwa sababu chupa hiyo itarudi.

Asubuhi nikafanya nilichoombwa. Huko chooni kwangu nilikuwa na vita vyangu vingine: sisimizi. Walikuwa wamejipanga kutoka mlangoni hadi kwenye tundu kama watu wanaongojea kupiga kura. Nilikuwa nimewamwagia majivu, nikawamwagia mafuta ya taa, wakarudi na ndugu zao. Nikamgombeza mke wangu kwamba anaoshea vikombe vya chai humo ndani.

"Chai nainywa jikoni," akanijibu kutoka nje. "Anayeshinda chooni ni wewe."

Mwanamke akishatoka nje ya mada, humrudishi.

Chupa nikaifunga kwa gazeti hili hili unalolisoma, ukurasa wa michezo. Ukurasa wa hadithi nisingeutendea hivyo. Mkwe wangu alikuwa amesimama getini, amenipa mgongo, anaangalia barabara kama mtu aliyepotelewa na mbuzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Iweke kwapani. Wanapima na joto."

"Ndiyo, baba."

"Na usiitikise."

"Sitaitikisa, baba. Asante sana, baba. Mungu akuzidishie."

Sikumuuliza anizidishie nini. Nilirudi ndani nikijiona kama mtu aliyetoa mchango wa kujenga shule. Mzee kama mimi, na vijana wa kisasa wanakuja kuchota usafi kwangu! Nikanywa jagi la maji nikiwa nimesimama, kisha nikaomba la pili.

Siku majibu yalipotoka, madereva tulikuwa yadini tunasubiri kupakia. Kliniki yao ni stoo ya zamani ya matairi waliyoipaka chokaa, na bado inanuka mpira. Mkwe wangu akaitwa. Akaingia. Akatoka na uso wa mtu aliyeshinda bahati nasibu akapewa jeneza.

Nikamvuta nyuma ya lori.

"Wameviona vidonge?"

"Hawakuviona, baba. Kwa upande huo ni safi kabisa."

"Nilikwambia nini? Ule ni mkojo wa mtu mwenye nidhamu."

"Wameona sukari."

"Sukari gani?"

"Sukari, baba. Nyingi. Daktari anashangaa mtu anatembeaje."

"Umezidi soda wewe. Kila nikikuona una chupa ya soda mkononi. Nimemwambia binti yangu mara ngapi..."

Akaniangalia. Tangu amuoe binti yangu hajawahi kunitazama machoni, lakini siku hiyo alinitazama.

"Baba," akasema taratibu, kama anayemwamsha mgonjwa, "mimi pale sikutoa kitu."

Nyumbani sikumpa mke wangu nafasi ya kusema.

"Ni chupa," nikamwambia kabla sijavua viatu. "Dawa ya kikohozi ina sukari. Kila mtu anajua."

"Niliichemsha mpaka karatasi ikabanduka."

"Hukuichemsha vizuri."

"Karatasi itoke, sukari ibaki?"

"Inawezekana. Kuna vitu vinaitwa kemia."

"Mume wangu, jagi hilo nimelijaza sasa hivi. Maji yake yako wapi?"

Jagi lilikuwa mkononi mwangu. Lilikuwa tupu.

"Ni joto," nikasema.

"Na sisimizi nao wanasikia joto?"

Akaondoka kwenda kuanua nguo, akaniacha na hilo. Hajasoma darasa la usiku hata siku moja, na nilimchukia kwa dakika nzima.

Sikumwambia habari ya mlima. Nawaambia ninyi, kwa sababu nimejiwekea kuungama kila kitu humu. Safari ya mwisho, nikiwa nateremka na tangi limejaa, barabara iligawanyika mbele yangu ikawa mbili. Zote nyeupe katikati, zote zina lori linalokuja. Nikachagua ya kushoto, ikawa ndiyo ya kweli. Nilipofika chini nikasimama kuchimba dawa kichakani, mkojo wa mara ya sita au ya saba siku hiyo, nikawatukana kwa sauti waliochora mistari ya barabara. Mafundi gani wale, wanachora kama walevi!

Hivyo ndivyo mtu mwenye akili anavyojidanganya. Mjinga hana maneno ya kutosha kwa kazi hiyo.

Kesho yake mkwe wangu akanivizia kwenye bomba la maji.

"Baba, daktari anataka nirudi. Anataka damu."

"Nenda."

"Sasa..." Akashusha sauti. "Na damu je, baba?"

"Na damu nini?"

"Haiwezekani nayo... kidogo..."

"Damu haibebwi kwapani, mpumbavu wewe!"

Ndiyo mara ya kwanza kumtukana mkwe wangu usoni. Akaitika, "Ndiyo, baba," akaenda kutoboa kidole chake mwenyewe. Na kidole chake, kama mnavyotazamia, hakikuwa na sukari ya kukoroga hata kijiko.

Mchana huo daktari akatoka nje. Ni binti mdogo, wa kuwa mjukuu wangu kabisa, viatu vya raba, kalamu sikioni. Nilikuwa nimeshaamua kwamba hajui kitu, tangu siku ya kuandikishwa aliponiambia "babu, keti" kabla sijamwonyesha kwamba nataka kuketi. Msimamizi wa yadi akapiga kengele, tukakusanyika wote, hata waliokuwa chini ya magari.

"Huyu dereva," daktari akasema, akimwonyesha mkwe wangu, "sukari ya damu yake iko sawa. Mkojo wake una sukari ya kutosha harusi. Hao ni watu wawili. Mmoja amesimama hapa. Na mwingine nadhani naye amesimama hapa."

Mtu akakohoa, akajuta.

"Simtafuti nimfunge," akaendelea. "Mtu huyo ana kiu isiyokwisha. Anakojoa kila saa. Macho yanamchezea. Akitibiwa na sukari ikatulia, anaweza hata kurudi kwenye usukani. Asipotibiwa, ataanguka. Na ninyi hapa hamuendeshi mikate. Mnaendesha mafuta."

Nikauona ule mlima. Nikayaona malori mawili.

Msimamizi naye akaona lazima aongeze chumvi. Yeye hawezi kusikia mtu anazungumza vizuri asimharibie.

"Lori la mafuta haliendeshwi na mgonjwa, basi!" akapaza sauti. "Mwenye mkojo ajitokeze, la sivyo huyu kijana anaondoka leo, na nyumba ya kampuni anairudisha leo. Wewe! Nani alikupa?"

Mkwe wangu akatazama ardhi. "Niliokota, bosi."

"Uliokota nini?"

"Mkojo, bosi."

"Uliokota mkojo?"

"Ndiyo, bosi."

"Ulikuwa unatembea peke yake njiani?"

"Ulikuwa kwenye chupa, bosi."

Yadi ikaangua kicheko. Wanaume walishikana mabega wasianguke. Mmoja akauliza kama ulikuwa umevaa kofia. Mwingine akataka kujua kama ulimsalimia. Mkwe wangu akasimama katikati ya vicheko hivyo kama nguzo ya umeme, wala hakugeuza kichwa upande niliposimama mimi. Hata kidogo.

Mtu niliyemdharau siku zote za ndoa yake. Mtu wa vidonge. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na nyumba yake ingebaki yake.

Mimi je? Mimi nilifanya nini?

"Profesa!" msimamizi akaniita. "Njoo huku mbele. Wewe ndiye mtu safi tuliyebaki naye. Na huyu ni mkwe wako, amekuaibisha. Hebu ongea nao, labda mwenyewe ataona aibu."

Nikaenda mbele. Nikapanda ngazi ya kliniki, nikasimama kando ya daktari.

Naungama: niliongea vizuri. Nilianza taratibu, nikapanda. Nikasema mtu anayejificha nyuma ya mkojo wa mwenzake ni mwoga, lakini anayeutoa ni mwoga mara mbili. Nikasema anayejua macho yake yanamchezea na bado anashika usukani wa tangi la mafuta, huyo anaendesha jeneza, tena la watu wengine. Nikasema kama ana mke, mke wake anajua. Kila neno lilikuwa kweli. Sijawahi kusema kweli nyingi hivyo kwa mkupuo mmoja, na yote nilikuwa naisema ili nisigunduliwe.

Wakapiga makofi. Msimamizi alipiga kuliko wote.

Mkwe wangu naye alipiga. Taratibu, mara chache, huku akiwa ameinamisha kichwa, kwa heshima.

Nikashuka ngazi koo limenikauka kama mkaa. Nikalitazama bomba la maji. Daktari akanitazama nikilitazama.

"Asante, mzee," akasema. "Umenirahisishia. Tutapima wote, waliokwisha kupimwa na ambao bado, sasa hivi, kila mtu na kikombe chake. Choo ni kile pale, mimi nitasimama nje. Hakuna mifuko, hakuna makoti."

Manung'uniko yakazuka.

"Hakuna cha manung'uniko!" msimamizi akafoka. "Profesa ataanza. Awafundishe!"

Nikapewa kikombe cha plastiki chenye kifuniko na namba. Nikavuliwa koti mbele ya watu. Nikatembea kuelekea chooni kwa mwendo wa mtu anayekwenda kupokea tuzo, huku wananipigia miluzi.

Choo cha yadi kina vyumba viwili, na ukuta wa katikati haufiki juu. Mafundi waliishiwa na matofali au na aibu. Nikaingia, nikafunga mlango, nikajaza kikombe. Kwa hilo sikuwa na shida, siku hizo ningejaza ndoo. Kikawa cha moto mkononi mwangu, rangi ya maji tu, hakina hatia ya kuonekana kwa macho.

Nikasikia mlango wa pili ukifungwa. Maji yakachuruzika. Yakakoma.

"Baba."

Nikakifunika kikombe kwa kiganja.

"Usiniite huku," nikanong'ona. "Huna adabu?"

"Samahani, baba. Daktari amesema wawili wawili, nikawahi." Kikohozi kidogo. "Pokea."

Juu ya ukuta kikatokea kikombe, kimeshikwa kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake kitu. Kimejaa.

"Nini hicho?"

"Nimekuja kurudisha, baba. Humo hakuna vidonge. Sijagusa tangu ile siku ya getini. Naapa kwa wanangu, wajukuu zako."

"Na namba ya kikombe?"

"Namba ziko kwenye vifuniko tu. Nimeangalia."

Kumbe ana akili! Miaka yote hiyo alikuwa anaificha wapi?

Nikapiga hesabu, maana hesabu niliisoma. Nikichukua chake, nitapata cheti, nitabaki kwenye lori langu, nitabaki Profesa. Yeye atatoka na kikombe chenye sukari au atatoka mikono mitupu, kwa vyovyote jioni ya leo anahama. Nikimkatalia, ni mimi nitakayesimama mbele ya watu walionipigia makofi sasa hivi.

"Nyumba je?" nikauliza.

"Tutapata pa kulala."

"Kwenye chumba changu cha vitabu."

"Ni kikubwa, baba. Tumekipima."

"Kwa nini unafanya hivi? Hata chupa ile nilikupa huku nakudharau."

"Najua, baba," akasema kutoka upande wa pili. Kikombe kikatikisika kidogo juu ya ukuta. Mikono ilikuwa inamchoka. "Lakini ulinipa, tena wa moto."

Sikujua nicheke au nimpige. Kikombe kilikuwa kinataka kumwagika, na mtu hawezi kufikiri huku mkojo wa mkwe wake unaning'inia juu ya kichwa chake. Nikanyoosha mkono nikakipokea, kisimwagike tu. Hilo lazima mniamini.

"Mzee!" Sauti ya daktari, mlangoni kabisa. "Umekwama?"

"Natoka!"

"Profesa, wafundishe!" msimamizi akapaza sauti huko nje, na yadi ikaitikia kwa kelele.

Nilitafuta pa kukiweka kimoja. Hapakuwa na rafu. Hapakuwa na dirisha. Sakafu ilikuwa imeloa. Kulikuwa na tundu moja tu, na kila nilipoelekeza kikombe kwenye tundu hilo, sikujua ni kipi ninachotaka kukimwaga.

Kitasa kikazunguka. Mlango ule ni mbovu, ukivutwa kutoka nje unafunguka wenyewe.

Ukafunguka.

Daktari alikuwa amesimama pale, amevaa glovu, mkono ameunyoosha. Nyuma yake msimamizi. Nyuma ya msimamizi yadi nzima, vinywa wazi, na kelele zinapungua moja moja.

Akakitazama kikombe cha mkono wangu wa kulia. Akakitazama cha kushoto. Akainamisha kichwa, akatazama viatu vya mkwe wangu vilivyokuwa vinaonekana chini ya mlango wa pili, vimesimama wima kama vinavyosikiliza.

Hakupandisha sauti. Aliniuliza kama anavyoulizwa mtoto aliyepotea sokoni.

"Babu," akasema, "kipi ni chako?"